Bila Kupigwa Radio

Moyo wa Chibalonza ulianza tena kukimbia Jumanne saa nne asubuhi, akiwa anaanika shuka kwenye baraza ya nyumba yao, ghorofa ya pili, mtaa wa Fairfield jijini Sydney. Aliliacha shuka lining'inie upande mmoja, akakaa sakafuni mgongo ukiwa ukutani, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye tumbo la miezi karibu sita. Alifanya kama alivyofundishwa hospitali: akavuta pumzi, akaziba pua, akasukuma kama mtu anayejifungua. Lakini hakusukuma sana. Kusukuma kulimtia hofu.

"Clarisse!" akaita.

Binti yake, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta ndogo aliyoazimwa na shule, vipokea sauti masikioni. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yuko darasani.

"Clarisse, moyo!"

Hapo alikuja mbio. Ilikuwa mara ya tatu katika wiki tano, na sasa msichana alikuwa anajua maneno yote bila kufikiri. Alipiga simu ya dharura, akataja jina la mama, miaka thelathini na sita, ujauzito wa wiki ishirini na nne, moyo unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika. Mtu wa upande wa pili alimwuliza kama kuna mwenye kikohozi au homa mle ndani. Alisema hakuna. Akaulizwa tena. Mwezi ule wa Agosti corona ilikuwa imeushika mtaa wao, na ukisema unakaa Fairfield ulikuwa unaulizwa mara mbili.

Wahudumu wawili walipanda ngazi wamevaa kanzu za plastiki, barakoa na vioo usoni. Walimkalisha Chibalonza kwenye kiti cha mikanda, wakaanza kumshusha. Mzee wa nyumba namba tatu, ambaye kiangazi kilichopita aliwaletea nyanya za bustani yake, alichungulia akafunga mlango upesi. Ghorofa ya chini kijana mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi. Chibalonza alitaka kuwaambia kwamba si corona, ni moyo tu, lakini hakuwa na pumzi, na Kiingereza chake kilimkimbia kila alipokihitaji. Kabla gari halijaondoka, mtu mmoja alikuwa ameshatoka na chupa, anapuliza dawa kwenye kitasa cha lango.

Clarisse alibaki ngazini na soksi zake, akirudia kumwambia kila aliyepita, kwa Kiingereza kizuri: ni moyo wake, ni moyo tu.

Lazare, mumewe, alipata habari saa sita. Kazini kwake, ghala la vyakula vya barafu kule Granville, simu zilifungiwa kwenye makabati mpaka mapumziko. Msimamizi alimfuata katikati ya rafu za kuku.

"Mke wako tena," alisema.

Lile neno "tena" Lazare alilisikia kuliko mengine yote. Akavua koti la baridi.

"Amepimwa?" msimamizi akauliza.

"Ni moyo, bosi."

"Najua. Lakini usirudi mpaka uwe na majibu ya kipimo. Chako na chake."

Tayari kila siku tatu alikuwa anapanga foleni ya saa nzima na zaidi ili wamchokonoe pua, ndipo aruhusiwe kutoka Fairfield kwenda kazini. Hakubisha. Aliendesha hadi hospitali, na mlinzi wa mlangoni akamwambia alichomwambia mara mbili za kwanza: mgonjwa peke yake. Akarudi kwenye maegesho, akaegemeza simu mbele ya usukani, akangoja.

*

Safari hii ile dawa ya mshipani, iliyomtuliza mara mbili za kwanza, haikufaa. Ilibidi wamlaze usingizi kidogo na kuurudisha moyo kwa umeme. Chibalonza aliamka na ngozi ya kifua inawasha, mama mmoja ameketi kando ya kitanda, barakoa usoni, macho yamechoka. Alijitambulisha kuwa ni Daktari Perera, mtaalamu wa mapigo ya moyo. Juu ya kimeza kulikuwa na simu mbili: moja ya Chibalonza, Lazare akiwa hewani kutoka kwenye gari, na nyingine ya hospitali iliyotoa sauti ya mwanamke.

"Habari yako mama. Naitwa Chebet, mimi ni mkalimani. Yote mtakayosema nitayatafsiri, na ni siri."

Ilikuwa sauti ya Kikenya, ya haraka lakini ya upole. Chibalonza aliifurahia. Mara ya kwanza walimpa mtu aliyezungumza kama mtangazaji, akawa anaitikia tu "ndiyo" bila kuelewa.

Daktari alieleza taratibu, akisimama kila sentensi mbili. Ndani ya moyo wa Chibalonza kulikuwa na njia ndogo ya umeme isiyotakiwa, aliyozaliwa nayo. Umeme ukiipita, moyo unazunguka kama gari lililokwama kwenye mzunguko wa barabara. Vidonge vilikuwa vimeshindwa. Operesheni nyingi zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya corona, lakini hii isingengoja, kwa sababu kila moyo ulipokimbia hivyo, damu iliyofika kwa mtoto ilipungua. Wangepitisha mirija myembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, waitafute ile njia, waiunguze.

Chibalonza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Munganga atanipiga radio?"

"Samahani mama, urudie?" Chebet alisema.

"Iyo mashini yake. Iko na radio? Mimi sitaki radio. Walishanipigaka radio mara moja, na bebe akakufa."

Kwa watu wa Bukavu, kule Kongo alikotoka Chibalonza, kupigwa radio ni kupigwa picha ya eksirei. Ni neno la Kifaransa lililokatwa, na hakuna mtu kule asiyelijua. Chebet alizaliwa Kapsabet, Kenya. Kwake radio ilikuwa kitu cha kusikilizia habari. Akasema kwa Kiingereza kile alichosikia, kwa sababu ndiyo kazi yake: mgonjwa anasema hataki radio, kwamba aliwahi kupigwa kwa radio na mtoto wake akafa.

Daktari Perera aliinua uso. Alinyoosha mkono, akakata simu ya Chibalonza, ile iliyokuwa na Lazare. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na Chebet akatafsiri kwa sauti ya chini vilevile.

"Mama, daktari anauliza ni nani alikupiga. Ni mume wako?"

"Bwana yangu?" Chibalonza aliinuka kwenye mito. "Apana! Bwana yangu hajanipiga!"

"Anauliza kama nyumbani uko salama."

"Niko salama! Niko naongea juu ya radio!"

Alivyozidi kulitaja neno lile ndivyo macho ya daktari yalivyozidi kulainika. Mashine ya kupima mapigo ikaanza kulia, na daktari akasema inatosha kwa leo, apumzike, watazungumza kesho. Chibalonza aligeukia ukuta akalia. Miaka minne hakuwahi kulisema jambo lile mbele ya mtu, na alipolisema, lilikuwa limegeuka jambo jingine.

*

Saa tisa alasiri Lazare alikuwa bado kwenye maegesho, akijaribu kumpigia mkewe bila kujibiwa, simu ilipoita kutoka namba asiyoijua. Mwanamke alijitambulisha kuwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Alitaka kujua ni nani mwingine anaishi nyumbani, na kama mambo yamekuwa magumu kwa sababu ya kufungiwa. Kisha akamwuliza kama anapokasirika huwa anarusha vitu.

Kiingereza cha Lazare kilikuwa cha ghalani, lakini kilitosha kwa swali hilo.

"Mimi?" alisema. "Vitu gani?"

"Chochote. Kwa mfano, radio."

Yule mwanamke alisubiri, akamshukuru, akasema huenda akampigia tena. Lazare aliwasha gari akarudi nyumbani. Clarisse alikuwa amepika wali ukaungua chini. Walikula sehemu ya juu.

Baada ya chakula alienda kusimama barazani, kando ya lile shuka lililokuwa bado linaning'inia upande mmoja. Mara hii Chibalonza alipokea.

"Mama Clarisse, uliwaambia nini kuhusu mimi?"

"Sikusema chochote juu yako. Nilisema radio. Ile ya Mbarara."

Kule Uganda, kabla ya kupewa ndege ya kuja Australia, kila mtu wa kambi yao ya wakimbizi alipelekwa mji wa Mbarara kupimwa afya na kupigwa picha ya kifua. Mwanamke mwenye mimba alitakiwa kuitaja. Waliokuwa nazo waliambiwa wangoje mpaka wajifungue, na kuna waliongoja mpaka majalada yao yakapotea.

"Kwa nini umeyaleta hayo?" Lazare aliuliza.

"Juu wanataka kunipiga tena, na tena kuko mtoto ndani."

"Basi kataa. Wasikuguse."

"Na moyo ukisimama?"

"Watafute dawa nyingine. Hawa ni waganga wakubwa, watakosa dawa?"

"Papa Clarisse, dawa zimeisha. Wamenipiga umeme leo." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Wewe ndiye uliniambia siku ile. Nilikuuliza mlangoni, tukiwa kwenye mstari: niwaambie? Ukasema, sema hapana. Nikasema hapana."

Mtoto yule, wa kiume, alikuwa amekaa tumboni mpaka walipofika Sydney, akafia humo kabla hawajamaliza mwezi. Tangu siku hiyo mke aliamini kwamba mumewe anamlaumu kwa uongo alioutamka kwa kinywa chake. Mume naye aliamini kwamba mkewe, kila anapomtazama mezani, anamwona aliyemwamuru kuutamka. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka minne na kila mmoja akawa mpole kupita kiasi kwa mwenzake.

Lazare alilishika lile shuka, akaliachia. Akakata simu. Hakuikata kwa hasira, lakini Chibalonza kule wodini hakuweza kujua hilo.

*

Chebet alifanya kazi hiyo akiwa nyumbani kwake Doonside, kwenye meza ya jikoni. Simu ile ilimkaa. Katika miaka saba ya ukalimani alikuwa amesikia wanawake waliopigwa kwa mikanda, kwa sufuria, kwa ngumi. Hakuwahi kusikia aliyepigwa kwa radio halafu akamtetea mume kwa mshangao wa kweli namna ile. Bila kutaja jina la mtu, alimwandikia mkalimani mwenzake, Mkongo, akamwuliza kwao radio ni nini. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Chebet alijishika kichwa. Akapiga ofisini, akaomba ile kazi ya asubuhi apewe yeye na si mwingine.

Jumatano saa tatu, sauti yake ilipotoka kwenye simu ya hospitali, alianza yeye.

"Daktari, hapa mkalimani ndiye anasema. Jana nilikosea." Akaeleza. Kisha akageukia Kiswahili. "Mama, unisamehe. Kumbe ulikuwa unasema eksirei."

"Ndiyo!" Chibalonza alisema, na machozi yakamtoka upya. "Ndiyo iyo! Eksirei!"

Daktari Perera alimpa Chibalonza simu yake ndogo iliyokuwa kwenye kimeza. Kisha akamwomba Chibalonza ampigie mumewe, na Lazare alipopokea, daktari alizungumza naye kwanza.

"Bwana Lazare, jana tulikudhania vibaya. Ilikuwa kosa letu. Nakuomba radhi."

Chebet alitafsiri. Kutoka kwenye gari Lazare alisema, "Haina neno," kwa namna ya mtu aliyezoea kuyasema maneno hayo.

Ndipo daktari akamwomba Chibalonza amweleze habari ya ile picha. Akaeleza yote: foleni, swali, uongo, chumba cha giza, sahani ya baridi aliyoikumbatia kifuani. Alisema alikuwa na mimba ya wiki saba hivi. Hakumtaja aliyemwambia aseme hapana.

"Ni mimi nilimwambia," sauti ya Lazare ilitoka kwenye simu ndogo. "Mwambie munganga. Mama Clarisse alitaka kusema ukweli. Ni mimi."

Chebet alilitafsiri hilo pia.

"Ilikuwa picha moja?" daktari akauliza. "Ya kifua tu?"

"Moja."

Daktari alisogeza kiti. "Nataka unisikilize vizuri, na mkalimani asiruke neno. Picha moja ya kifua, mionzi inayofika tumboni ni kidogo sana. Inalingana na ile anayoipata kila mtu duniani kwa siku moja au mbili, kutoka ardhini na angani, hata akiwa amelala. Haiwezi kumwua mtoto. Yule mtoto hakuuawa na ile picha, wala hakuuawa na mlichosema au mlichokosa kusema."

Chebet alilisema polepole. Akafika mwisho, na ingawa hakuna aliyemwomba, akarudia. "Haikumwua, mama. Amesema haikumwua."

Chibalonza alitazama dari. Hakulia. Daktari akauliza kwenye simu ndogo kama Lazare bado yupo.

"Niko," alisema. "Basi aliuawa na nini?"

"Sijui. Mara nyingi hatujui. Pole."

Jibu hilo lilikuwa na uzito wake. Walikuwa wameshazoea kuwa na sababu.

Daktari akarudi kwenye kazi iliyokuwa mbele yao. Zamani, alisema, kazi hii ilifanywa kwa eksirei, dakika nyingi, kwa sababu daktari hakuwa na njia nyingine ya kuona mirija iko wapi. Siku hizi ana mashine inayotumia sumaku na umeme mdogo kuchora moyo wa mgonjwa kwenye kioo, kama ramani, na nyingine ya mawimbi ya sauti kama ile wanayomwangalizia mtoto. Kwa hizo mbili alikuwa amewatibu wagonjwa wengi bila kuwasha eksirei hata kidogo. Lakini mashine ya eksirei ingekuwapo chumbani, na pedali yake chini ya mguu wake.

"Kwa nini iwepo?" Lazare aliuliza.

"Likitokea jambo la hatari, nikahitaji kuona kwa haraka, nitaikanyaga. Itakuwa sekunde chache, na itaelekezwa kifuani, mbali na mtoto. Hata hiyo haitamdhuru."

"Mwambie aape hataikanyaga."

"Siwezi kuapa. Nikiapa halafu mkeo akawa hatarini, nitafanyaje? Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sitaikanyaga kwa sababu ya uvivu wala haraka."

Lazare alianza kubisha. Chibalonza akamkatiza.

"Papa Clarisse, muache. Huyu hanidanganyi. Nitaenda."

*

Walimpeleka Ijumaa asubuhi. Chumba kilikuwa cha baridi na kimejaa vioo vya kompyuta, na watu sita ndani yake wote wamevaa zile aproni nzito zenye madini ya risasi, kutoka shingoni mpaka magotini. Chibalonza alizitambua. Mpiga picha wa Mbarara alivaa ya aina hiyo. Simu yenye sauti ya Chebet iliwekwa karibu na sikio lake. Wauguzi walikuwa wameanza kumsafisha paja aliposema:

"Ngoja kwanza. Uliza munganga: kama hakuna radio, wao wanajikinga na nini?"

Chebet aliuliza. Mikono ikasimama. Fundi wa mashine alisema ni utaratibu tu, kila mtu huvaa aingiapo mle. Daktari Perera alimtazama mgonjwa, akamtazama fundi, kisha akapeleka mkono nyuma ya shingo yake na kufungua kifungo.

"Ana haki ya kuuliza," alisema. "Isitoshe, tukivaa hizi, mguu unaifikia pedali kabla kichwa hakijafikiri."

Aproni yake iliwekwa kwenye ndoano kwa kishindo. Alinyoosha mgongo kama mtu aliyetua gunia. Alikuwa amelibeba lile vazi miaka kumi na mitano na mgongo haukumwacha alale. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mwuguzi aliyekaa karibu na mlango peke yake ndiye aliyebaki na lake, ili ikibidi kuwasha eksirei abaki kando ya mgonjwa. Chebet alimweleza Chibalonza hata hilo. Chibalonza akasema sawa, waendelee.

Walimpa dawa kidogo ya kumtuliza, lakini alikuwa macho. Alisikia kusukumwa pajani, kisha hakusikia kitu. Kwenye kioo kikubwa moyo wake ulianza kuchorwa kipande kwa kipande, rangi ya kijani na zambarau. Kisha wakauamsha makusudi. Chebet alikuwa amemwonya, hata hivyo moyo ulipoanza kukimbia alipiga kelele akashika tumbo.

"Ni wao, mama, ni wao wanaufanya. Wanaitafuta ile njia."

Wakaipata, lakini ncha ya mrija ikakataa kutulia. Mtoto alikuwa ameisukuma pumzi ya mama juu, kifua kikapanda na kushuka haraka, na kila pumzi ilipopanda ncha iliteleza. Daktari alijaribu mara nne. Mara ya tano mrija uliporuka, fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa kutazama mara moja tu wangejua umekunjwa wapi. Chebet hakutafsiri, kwa kuwa halikuwa neno la kumwambia mgonjwa, lakini kule jikoni Doonside alikuwa amesimama.

Daktari aliuvuta mguu wake nyuma, mbali na pedali.

"Mwambie avute pumzi nusu, aishike. Nikisema basi, aiache."

"Vuta nusu, mama. Shika."

Chibalonza alishika. Akaachia. Akashika tena. Walifanya hivyo kwa dakika ishirini, wanawake watatu, mmoja akiwa kilomita nyingi kutoka pale, mpaka ncha ilipotulia na daktari akasema, "Hapa." Joto lilipita kifuani kwa Chibalonza kama amemeza chai ya moto. Moyo ukakatisha mbio zake, ukaanza kutembea.

Walikaa nusu saa nyingine wakijaribu kuuchokoza. Haukukubali. Mwuguzi akaweka kipimo tumboni, na chumba kizima kikasikiliza mapigo ya mtoto, ya haraka, ya kawaida. Fundi alisoma namba ili ziandikwe: muda wa eksirei, hakuna.

"Wamemaliza, mama," Chebet alisema. "Hawakuikanyaga."

Ilipofika mwisho wa simu, kama utaratibu unavyotaka, alitaja namba yake ya kazi na kusema asante. Hawakuzungumza tena maishani.

*

Lazare alimchukua Jumamosi saa sita mchana, mlangoni, ambako mlinzi aliruhusu gari lisimame dakika tano. Alikuwa amefua shuka, amenunua samaki. Njiani hawakusema mengi. Walipofika taa za barabara kuu ya Fairfield, zilikuwa nyekundu, na hakukuwa na gari jingine wala mtu.

"Nilifikiri unanichukia," Lazare alisema.

"Mimi nilifikiri wewe ndiye unanichukia."

Taa ikawa kijani. Hakuondoka.

"Tulimwacha wapi?" Chibalonza akauliza.

Lazare alielewa anamwulizia nani. Siku mtoto alipozaliwa amekufa, mtu wa hospitali aliwaletea karatasi za Kiingereza. Hawakuwa na mkalimani, walikuwa na siku kumi na tisa tu katika nchi hii. Lazare aliweka sahihi palipoonyeshwa. Walidhani mwenye kosa hana haki ya kuuliza, wakaenda zao.

"Sijui," alisema. "Nilitia sahihi tu."

"Basi tuulize."

Kuuliza kulichukua wiki sita. Walipigiwa, wakaambiwa wangoje, wakaombwa namba za majalada wasizokuwa nazo. Lazare alirudi kazini, akachokonolewa pua, akapakia kuku; wakati wa mapumziko, badala ya kula, alisikiliza muziki wa kungojeshwa kwenye simu ya hospitali. Moyo wa Chibalonza haukukimbia tena, ingawa kila asubuhi aliamka akiuwekea mkono. Clarisse ndiye aliyepata jibu hatimaye. Aliandika barua pepe ya adabu, akaambatanisha pasipoti za wazazi. Ndivyo alivyojua kwamba aliwahi kuwa na mdogo wa kiume; wakati ule, akiwa na miaka minane, aliambiwa tu kwamba mama anaumwa. Alimwuliza mama yake, kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake: "Kwa nini hamkuniambia?" Mama akasema hawakujua namna ya kusema.

Katikati ya Oktoba, watu waliporuhusiwa kutoka mbali na nyumba zao, walienda. Ilikuwa sehemu ya watoto kwenye makaburi makubwa, nyasi zimekatwa vizuri, vibao vidogo vimelala chini kwa mistari. Waliipata namba waliyopewa mstari wa mwisho kabla ya uzio. Kibao kilikuwa na tarehe, na kwa Kiingereza maneno matatu yaliyosema: mtoto wa Chibalonza.

Lazare alipiga magoti, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Chibalonza hakuweza kuinama, tumbo lilikuwa limeshakua. Alisimama nyuma yake, mkono begani kwake, mwingine ameshikwa na Clarisse.

"Hana jina," Clarisse alisema.

"Alikuwa nalo," Lazare alisema bila kugeuka. "Mimi nilikuwa nimemchagulia. Sikumwambia mama yako."

"Sema," Chibalonza alisema.

Akalisema. "Salvator."

Chibalonza alilirudia kwa sauti, mara moja, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. Kisha akasema miguu imemchoka, na Clarisse akaenda kumletea kiti kutoka kwenye gari.